Mpingo wa Askari

Wageni wengi wanaopanda Eldoret hufuata wakimbiaji. Mimi nilifuata klarineti.

Ninakusanya vyombo vya kupuliza vya jeshi la zamani, tena vya mti tu: klarineti, filimbi, pikolo, na Mungu akinifungulia, obo. Shaba siigusi. Nyumbani Mombasa jambo hili huwachekesha watu, maana mji wetu umekulia kwenye shaba na ngoma. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 vikundi vya beni, Kingi na Scotchi, vilishindana mitaani kwa magwaride, vyeo na sare za kuigiza jeshi la Mwingereza, na mpaka leo ukimtajia bendi mzee wa Kibokoni atakuuliza tarumbeta zilikuwa ngapi. Klarineti haiulizii mtu. Lakini mimi nina sababu yangu. Shaba haijulikani ilichimbwa wapi. Klarineti nyeusi ina kwao. Ni mpingo, mti unaoota katika misitu ya Kilwa, Lindi na Ruvuma, na ng'ambo ya mto huko Msumbiji. Magogo yalipakiwa melini katika pwani yetu hii, yakaenda Ulaya, yakakerezwa na kutobolewa matundu, kisha baadhi yakarudi Afrika Mashariki mikononi mwa askari wa King's African Rifles, ile KAR iliyoundwa mwaka 1902. Mti uliondoka raia, ukarudi mwanajeshi.

Safari ya Eldoret ilianza na simu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa binamu yangu: mwanawe alikuwa akimaliza mafunzo katika chuo cha makurutu cha Moi Barracks, na ukoo mzima ulialikwa kwenye gwaride la kufuzu. Ya pili ilitoka kwa rafiki yangu anayeuza mitumba mjini humo. "Kaka," akasema, "kuna mzee upande wa Moiben ana zumari ya kizungu ya marehemu baba yake. Nyeusi, ina vyuma vyuma. Njoo kabla wajukuu hawajaitia jikoni." Simu ya kwanza ndiyo iliyonipa ruhusa nyumbani, ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni kilomita mia tatu na ushei. Baada ya Nakuru njia hupanda mpaka Timboroa, ambako reli ya kwenda Uganda hupita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari; enzi za ukoloni ilisifiwa kuwa hakuna reli iliyo juu zaidi katika himaya yote ya Mwingereza. Abiria walivuta makoti. Mimi nilikuwa nimepakata klarineti yangu mwenyewe, niliyoizungusha leso mbili za mke wangu, na dereva akadhani nimebeba mtoto. Nilikuwa na haki. Mpingo ni mgumu lakini una kinyongo: ukiutoa kwenye unyevu wa Mombasa, ukaupandisha kwenye baridi kavu, kisha ukapuliza ghafla pumzi yako ya moto, ndani unafura na nje umebana, halafu unapasuka. Klarineti nyingi za zamani zimekufa hivyo, si kwa risasi wala kwa maji.

Eldoret wenyewe huiita Sisibo, yaani 64, namba ya shamba ambalo mji ulianzia. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika uwanda huu wa Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, reli ikafika 1924, na Agosti 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Siku niliyofika vumbi la Barabara ya Uganda, malori ya kwenda Malaba na bodaboda havikuonyesha kwamba vimepata habari ya cheo hicho.

Gwaride la kufuzu halimfai mtu apendaye kulala. Alfajiri tulikuwa tayari kwenye foleni ya ukaguzi pamoja na familia kutoka kila kona ya Kenya, akina mama wa Turkana na shanga zao, Wasomali, Wakamba, na sisi wa Pwani tunaotetemeka. Makurutu walipoingia uwanjani watu walisimama kutafuta wa kwao, jambo lisilowezekana, maana wote walikuwa na kofia moja na uso mmoja. Mimi nilitazama bendi. Katika bendi ya jeshi ya mtindo wa Kiingereza klarineti hufanya kazi inayofanywa na fidla katika okestra: ndizo hubeba wimbo, na shaba huja kuutia misuli. Lakini kwenye uwanja wazi wenye upepo shaba na ngoma hula kila kitu, na klarineti huzisikii mpaka mwendo wa pole, bendi ikipita karibu. Nilisubiri mwendo wa pole. Ulipokuja niliinuka, nikafumba macho, na shangazi yangu akanivuta koti. "Wewe! Umekuja kwa mtoto au kwa filimbi?" Sikumjibu. Mtoto alikuwa salama, yuko na jeshi zima.

Siku iliyofuata rafiki yangu wa mitumba alinizungusha sokoni na kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hapo nilithibitisha jambo ambalo nimeliona pia Mombasa na Nairobi. Tarumbeta mbovu ina bei ya kilo, kwa hiyo haidumu. Hupondwa, ikaingia gunia moja na mabomba na makufuli, ikaenda kuyeyushwa. Klarineti mbovu haina bei. Atakayeichoma ataichoma, lakini hakuna mwizi atakayepanda ukuta kwa ajili yake. Vyombo vya mti vilivyopona vimepona kwa sababu vilidharauliwa.

Muuzaji mmoja alinitolea klarineti nyeusi iliyoviringishwa gazeti. "Mpingo safi huu, mzee." Ilikuwa nyepesi mno, na upande uliopigwa na jua ulikuwa umegeuka rangi ya kijani iliyochafuka. Nikaisugua kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, nikainusa: kiberiti. Ilikuwa ebonaiti, yaani raba iliyopikwa kwa salfa hadi ikawa ngumu kama pembe. Waundaji wa London walizitengeneza kwa ajili ya bendi za nchi za joto, kwa kuwa raba haipasuki kama mti. Kwa hiyo mkusanyaji wa huku kwetu ana tabu ya pekee: jeshi lenyewe liliuogopa mti katika hali yetu ya hewa, na vyombo vingi vyeusi vinavyotokea sokoni si mti hata kidogo. Nilimweleza muuzaji. Hakufurahi, ila alininusisha tena ili ahakikishe.

Kisha akaleta filimbi ya mti wa hudhurungi yenye pete nyeupe kwenye maungio. Pete nyeupe yenye mistari myembamba inayokatana ni pembe ya ndovu. Nilimrudishia papo hapo, bila hata kuuliza bei. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haitanii na mtu anayekutwa na pembe bila kibali, na hakimu hatajali kwamba pete yako ina upana wa kucha na ndovu wake alikufa zamani. Mifupa ya ng'ombe nayo ilitumika kwa pete hizo, na tofauti huonekana kwa kioo cha kukuzia. Lakini soko la barabarani, watu wamekuzunguka, si mahali pa kuanzisha uchunguzi huo.

Moiben tulikwenda kwa pikipiki, kati ya mashamba ya mahindi na ngano yaliyonyooka mpaka yanagusa mawingu. Mzee alikuwa ameketi chini ya mti wa grevilia, kofia ya sufu kichwani ingawa jua lilikuwa kali. "Chamgei, mzee," nikasema, Kikalenjin changu chote kikaishia hapo. Alicheka. "Karibu, mtu wa Pwani. Kaa kwanza, unywe, halafu tutaongea mambo yako." Tukaletewa mursik kwenye kibuyu, maziwa yaliyogandishwa na kutiwa masizi ya mti maalumu. Aliuliza mvua ya Mombasa, bei ya nazi, na kama ni kweli tunakula samaki kila siku. Mambo yangu yalisubiri. Ndivyo inavyotakiwa, anayefika nyumbani kwa mzee akaulizia mali kabla ya chai hastahili kuonyeshwa.

Mjukuu alipotoka na sanduku nilijua kabla halijafunguliwa, kwa urefu wake mfupi: klarineti huwekwa vipande vipande. Sanduku lilikuwa la mbao, kitambaa chake cha ndani kimeliwa na nondo, na juu ya kifuniko mtu alikuwa amechora kwa ncha ya msumari herufi na tarakimu kadhaa. "Hiyo ni namba ya baba," mzee akasema. "Namba ya jeshi. Mama alikuwa hajui kuisoma, lakini alijua kuichora."

Vipande vyote vitano vilikuwapo: kidomo, kipipa, kipande cha juu, cha chini, na mdomo mpana. Vibonyezo vyake vilikuwa vya mpangilio wa zamani, ule wa vibonyezo kumi na vitatu uliotawala bendi za Kiingereza kabla ya mpangilio wa Boehm kuenea. Nilikitoa kipande cha juu kwenye mwanga. Muhuri ulikuwa bado unasomeka: Hawkes & Son, Denman Street, Piccadilly Circus, London. Kampuni hiyo iliungana na mshindani wake Boosey mwaka 1930, ikawa Boosey & Hawkes, kwa hiyo muhuri wa Hawkes peke yake unakuambia kwamba chombo kimetangulia mwaka huo. Chini yake kulikuwa na alama ya mshale mpana wa mistari mitatu, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ile ile waliyoipiga kwenye bunduki, mablanketi na matangi ya maji. Na chini kabisa, herufi mbili ndogo: H.P.

Nilipoziona nilitabasamu, mzee akataka kujua zina nini. Nikamweleza kwa urefu, kwa kuwa ndizo siri ya chombo hiki kufika Moiben. H.P. ni high pitch, sauti ya juu: zamani bendi za Uingereza zilipiga kwa sauti ya juu kuliko ya leo. Sauti ya A, ambayo sasa kwa kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde, kwao ilikuwa karibu 452. Jeshi lilikuwa na chuo chake cha muziki Kneller Hall tangu 1857, kilichoanzishwa baada ya aibu ya Scutari mwaka 1854, ambapo bendi za vikosi vingi zilijaribu kupiga pamoja wimbo wa Malkia katika siku yake ya kuzaliwa, kila moja kwa sauti na mpangilio wake, mbele ya majenerali wa mataifa rafiki. Baada ya hapo kila bendi ililazimishwa kufuata kipimo kimoja. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa hicho cha juu, na jeshi liliking'ang'ania mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo likashuka. Tarumbeta unaweza kuirefusha. Klarineti ya H.P. haina dawa: matundu yamekwisha kutobolewa, na ukivuta kipipa ili ishuke, nusu ya noti zinashuka na nusu zinakataa. Maelfu ya klarineti nzuri kabisa zikawa hazina kazi kwa agizo la ofisini. "Kwa hiyo," mzee akasema, "walimpa baba kitu walichokuwa wamekitupa." Nikamwambia huenda. "Wazungu," akasema, na akamimina chai.

Kipande cha juu kilikuwa na ufa, kama nilivyotarajia, kwa kuwa ndicho kinachopokea pumzi ya kwanza na unyevu wote. Ulikuwa mwembamba kama unywele na haukufika kwenye tundu lolote. Mjukuu aliuliza kama ni kweli mpingo huzama majini. Ni kweli, lakini usijaribu kwa klarineti. Mzee aliugonga mti kwa ukucha, akauliza unaota wapi, na baada ya miaka mingapi. Nikamtajia Kilwa, ambako vijiji vyenye misitu yao vinavuna mpingo kwa utaratibu na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, na kwamba mti hukaa miaka 70 hadi 100 kabla ya kufaa kukatwa. Alipiga hesabu kimya kimya. "Basi mti huu ulikuwa umeota kabla Koitalel hajazaliwa."

Sikushangaa kwamba alimtaja. Kwa watu wa huku kila hesabu ya miaka hupita kwa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, ofisa wa KAR, katika mkutano uliosemekana ni wa amani. Kinachomtatiza mgeni ni kwamba miaka michache tu baadaye Wanandi na ndugu zao Wakalenjin walijaa ndani ya KAR hiyo hiyo. Nilimuuliza mzee. Akasema baba yake aliulizwa swali hilo na baba yake mwenyewe, na alijibu kwamba jeshi lilikuwa na mshahara na kodi ilikuwa na askari. Kisha bendi ikamchukua kwa sababu alikuwa na meno mazuri. Nilicheka, lakini ni sahihi: asiye na meno ya mbele hapulizi klarineti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Huko hakupuliza. Kwa desturi ya jeshi la Kiingereza wapiga bendi vitani hugeuka wabeba machela, naye alibeba. Aliporudi na sanduku hili, hakuna aliyemuuliza amelipataje.

Niliomba ruhusa nikafungia kidomo changu na tete mpya, nikaziba ufa kwa nta kidogo, nikaupasha mti moto kwa mikono kabla ya kupuliza. Programu ya simu ilionyesha kile herufi mbili zilichokwisha kusema: juu ya kipimo kwa karibu robo toni. Lakini sauti! Nene, yenye ukungu kidogo chini, si kali kama za leo. Nilipiga mwendo wa polepole niliojifunza kwa mzee wa beni. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Baba alipuliza vizuri kuliko wewe."

Nilitaja bei. Sitaficha kwamba ilikuwa bei nzuri, kwa sababu chombo chenye muhuri, mshale, sanduku na namba ya askari si kitu cha kila siku. Hakuiuliza mara mbili wala hakuipinga.

"Utaiweka wapi?"

"Mombasa, mzee. Nina kabati la vioo."

"Huko nani anamjua baba?"

Nikanyamaza. Akaendelea, bila hasira. "Zile fimbo za Koitalel, zilizochukuliwa alipouawa, zilirudi kutoka Uingereza mwaka 2006. Unajua kwa nini zilirudi? Kwa sababu huko zilikokaa, walijua ni za nani. Zingekuwa fimbo tu, zingekuwa bado huko, mtu anazitembelea bustanini."

Hatukufanya biashara. Tulifanya kazi nyingine: nilipima kila kipande, nikapiga picha mihuri na namba ya msumari, nikaandika kwa nakala mbili jina la baba, kijiji, kikosi, Burma, meno na machela, mzee akatia sahihi zote. Nakala moja ikaingia sanduku. Nikamwambia lisikae karibu na jiko, mti usipakwe vanishi, na ufa usijazwe gundi ya viatu. Mjukuu aliyaandika kwenye simu yake, na kwa jinsi alivyoniuliza maswali nina imani naye zaidi ya kabati langu.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupanda mlima, niliendelea hadi Kitale, kama kilomita 70 mbele, kuangalia makumbusho. Yalianza kama mkusanyo wa mtu mmoja, mwanajeshi, Luteni Kanali Hugh Stoneham, aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake, na mwaka 1974 likafunguliwa jengo la sasa, makumbusho ya kwanza ya taifa nje ya Nairobi na Pwani. Stoneham alikusanya wadudu, vitabu na vitu vya jamii za magharibi. Watu wa vipepeo wana kanuni moja isiyo na huruma: kipepeo asiye na kibandiko cha mahali na tarehe ni uchafu wenye rangi, hata awe mzuri namna gani. Wakusanyaji wa vyombo vya muziki, hasa wanaonunua kwenye minada ya Ulaya, hawajaifikia kanuni hiyo. Wao hulipa kwa jina la kiwanda, kwa mng'aro wa vibonyezo, kwa mti usio na ufa. Klarineti ya Moiben wangeipa bei ya chini kwa sababu ya ufa, na sanduku lenye namba wangelitupa kwa sababu linanuka moshi. Naona wamekosea, na sasa nakwenda kuyapanga upya makabati yangu mwenyewe kwa macho hayo.

Jambo moja bado linanisumbua. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 hutafsiri kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. KAR yenyewe ilizaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo klarineti ya askari aliyebeba majeruhi Burma, kwa tafsiri hiyo, si ya kale. Mgeni yeyote anaweza kuinunua leo na kesho ikawa kwenye mkoba wake uwanja wa ndege. Bunge likipata nafasi ya kuitazama upya sheria hiyo, tarehe hiyo isogezwe mbele.

Kabla ya hapo kazi ni yetu. Msomaji, kama babu yako alikuwa KAR, au polisi, au magereza, chungulia darini na chini ya kitanda. Ukikuta bomba jeusi lenye vibonyezo usilisugue, usilipake mafuta ya kupikia, usilipulize. Mtafute aliye hai anayemkumbuka mwenyewe, umwandike jina, namba, kikosi na alikotoka, karatasi uiweke ndani ya sanduku. Ukishindwa kulitunza, lipeleke makumbusho yaliyo karibu, Kitale, Kisumu, Nairobi au Fort Jesus, na usiondoke hapo mpaka uone jina la babu limeandikwa kwenye daftari lao.